Upande wa Kichwani

"Baba, naomba umgeuze kidogo nipate mwanga," daktari alisema, na Mzee Hatamu akamgeuza farasi kuelekea gizani.

Si kwamba hakusikia. Alisikia vizuri sana, ndiyo maana masikio yake yalikuwa yanawaka moto. Daktari alikuwa amechuchumaa juu ya majani makavu, glavu mikononi, tyubu ya dawa ya virusi imefunguliwa, na mahali alipotaka kupaka dawa hiyo ni mahali ambapo mwanamume mwenye akili zake hasimami akapatazama pamoja na mke wa mwanawe. Maana daktari huyu wa wanyama, pamoja na koti lake jeupe na vyeti vyake, alikuwa mkwe wa Mzee Hatamu. Alikuwa ameolewa na kijana wake wa kwanza, yule dereva wa malori, na wote waliishi ua mmoja.

"Huku, Baba. Mlangoni."

"Aa, huku," alisema mzee, macho kwenye mapaa ya banda utadhani kuna mtu aliyemwita kutoka juu.

Farasi mwenyewe, dume mweusi mrefu aliyeitwa Waziri, alipiga kwato chini dawa ilipomgusa. Ilimuuma. Mzee Hatamu alimshika shavu akamnong'oneza maneno ya kumtuliza, na katika kunong'ona huko alijiona mnafiki, kwa sababu yaliyompata Waziri yalikuwa na mkono wake ndani. Alijua hivyo tangu siku ya kwanza. Aliona aibu mbele ya farasi, na mtu akifika mahali pa kumwonea aibu farasi, basi ujue maji yamemfika shingoni.

Sasa nikueleze kazi yake, ili usije ukamcheka kabla ya wakati. Pale walizalisha farasi. Watu walileta majike wao kutoka mbali ili Waziri awapande, na Mzee Hatamu, kama jina lake la utani linavyosema, ndiye aliyeshika hatamu zake. Kila mara kabla ya kupandisha alimwosha Waziri kule chini kwa maji ya uvuguvugu na pamba safi, akaikagua ngozi, kisha akamwambia daktari alichokiona. Daktari naye anaangalia kwa macho yake mwenyewe, anaridhika, ndipo lango linafunguliwa. Ndivyo kazi ilivyokwenda miaka na miaka, enzi za daktari wa zamani, mzee mwenzake, ambaye waliongea kila kitu bila kificho. Walikuwa wakicheka mpaka wanashikilia ukuta. "Vipi mheshimiwa leo," daktari yule angeuliza, "ana nia au ana maneno tu?" Na Mzee Hatamu angejibu jambo ambalo siwezi kulirudia hapa.

Magoti ya daktari wa zamani yalipochoka, akastaafu. Na ni nani aliyempigia debe mkwe wake kwa Tajiri, mwenye farasi? Mzee Hatamu huyu huyu. Alimsifu mkwewe hadi wenzake wakawa wanamkwepa kwenye njia ya bombani. Hakufikiri, masikini, mpaka asubuhi ile ya kwanza, mkwewe alipoingia bandani akivuta glavu na kusema, "Haya Baba, tumwangalie Waziri," na yeye pale ameinama, pamba ya sabuni mkononi. Alitamani ardhi ipasuke aingie, yeye na ndoo yake.

Hawakuongea, lakini wakaelewana. Kesho yake Mzee Hatamu alimwosha Waziri mapema, peke yake, akamtoa nje tayari ameshakauka. Daktari akawekwa upande wa kichwani, naye mzee akasimama upande wa pili, farasi mzima akiwa kati yao kama ukuta wa nyumba. Daktari akatazama macho, fizi, akasikiliza moyo. Kisha akainamisha uso, akauliza kwa sauti ndogo, "Na kwingine, Baba, salama?"

"Salama."

Lango likafunguliwa. Siku iliyofuata ikawa vilevile, na zilizofuata pia, hadi ikawa ndio utaratibu. Kila mmoja alishukuru moyoni kwamba mwenzake ana adabu. Waziri hakuwa na neno, kwani yeye alikuwa mzima.

Halafu akaletwa jike mmoja kutoka mbali, mpole, wa rangi ya kahawia, akapandwa, akarudi kwao. Siku chache baadaye, wakati anamwosha Waziri, Mzee Hatamu aliona malengelenge. Madogo, yamejaa maji, kama ngozi ya mtu aliyerukiwa na mafuta ya kukaangia. Daktari wa zamani angekuwepo, angemwita kwa kelele kutoka palepale. Lakini aliyekuwa anakuja njiani ni mkwewe, na mzee alisimama na pamba inayochuruzika akitafuta maneno ambayo mtu anaweza kumwambia mke wa mwanawe. Alitafuta kwa dhati. Hakuyapata. Akajiambia ni nzi. Nzi wa msimu huu wana balaa, akajiambia.

"Na kwingine, Baba, salama?"

"Salama."

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na aibu ya Waziri ilijulikana na mtu mmoja tu. Mtu huyo alishika kamba, akamwongoza dume langoni, na Waziri akampanda jike wa kwanza, kesho yake wa pili, na mwingine tena.

Majike wakatokwa malengelenge nao. Daktari akachukua vipimo, akapeleka, majibu yakaja: ni virusi, ugonjwa wa kuambukizana kwa kupandana. Hauui, alieleza, na mimba haziharibiki, lakini unauma, na hakuna farasi atakayepandishwa mpaka vidonda vikauke. Tena virusi vyenyewe havitoki kabisa. Hulala mwilini, na siku vikiamka ni lazima vionwe mapema. Kila farasi apewe ndoo yake na pamba yake. Dawa ipakwe asubuhi na jioni. Katikati ya msimu, lango likafungwa kwa mnyororo, na wenye majike wakaanza kuja na magari kuchukua wanyama wao bila hata kuaga.

Kwa hiyo asubuhi hii, daktari akiwa bado amechuchumaa, Tajiri alisimama mlangoni. Alikuwa mtu mfupi asiyepaza sauti, na hilo ndilo lililowatisha watu.

"Daktari," alisema, "farasi huyu haendi langoni bila ruhusa yako. Ulimwangalia?"

Mkono wa daktari ulisimama na tyubu.

"Nauliza, ulimwangalia?"

"Ruhusa nilitoa mimi, Tajiri. Kosa ni langu."

Mzee Hatamu alisubiri aendelee. Alisubiri aseme: nilimuuliza Baba, Baba akasema salama. Maneno machache tu, na yalikuwa ya kweli. Daktari hakuyasema. Alipaka dawa mahali pengine, polepole, kama vile swali lilikuwa limekwisha.

"Jioni, ukimaliza kumpaka, njoo ofisini," Tajiri alisema. "Uje na funguo za kabati la dawa."

Akaondoka. Kila mtu pale alijua mtu anayeambiwa aje na funguo anakwenda kuambiwa nini. Mzee Hatamu alifungua kinywa, na kinywa kikabaki wazi hivyo hivyo, mpaka daktari alipovua glavu, akazitupa kwenye ndoo ya kuchomwa, akasema, "Asante, Baba," na kutoka. Hiyo asante ilimchoma kuliko tusi.

Mchana alikwenda nyumbani. Mkewe alikuwa anapiga pasi koti jeupe la pili la mkwe wao, akilinyoosha kola kwa uangalifu wote. Mzee akaketi. Akamweleza, nusu nusu, kama mtoto aliyevunja chungu.

"Malengelenge yalikuwa wapi?" mkewe aliuliza.

"Kule."

"Kule wapi?"

"Mama watoto, si nimeshasema. Kule."

Mkewe aliweka pasi chini. "Umezaa na mimi watoto wote hawa, na bado huwezi kupataja?" Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mficha uchi hazai, wewe mwanamume, na kazi yako wewe ni kuzalisha. Sasa ulitegemea nini?"

"Yule ni mkwe wangu. Ningemwambiaje? Ni heshima."

"Haya, heshima. Na Tajiri amesemaje?"

Akamwambia habari ya funguo. Akamwambia pia kwamba mtoto yule hakumtaja. Kicheko cha mkewe kikaisha palepale. Alilitazama koti, akalikunja, akalifunua tena.

"Yaani mtoto wa watu amekuficha," alisema, "na wewe umejificha nyuma yake. Hapo mwenye heshima ni nani?"

Chakula kilikuwepo, Mzee Hatamu akakiangalia tu. Alikuwa ameishi miaka mingi akidhani aibu ni kitu kinachompata mtu akitazamwa; sasa hakuna aliyemtazama, hata mkewe alikuwa amempa mgongo, na aibu ilimkalia kifuani vilevile. Akavaa kofia, akarudi kazini.

Hakungoja jioni ifike sawasawa, lakini alichelewa hata hivyo. Daktari alikuwa ameshatangulia ofisini. Funguo zilikuwa juu ya meza, mbele ya Tajiri, na feni ilikuwa inazipuliza karatasi pembeni. Mzee Hatamu alibisha mlango uliokuwa wazi.

"Mzee, ngoja kidogo," Tajiri alisema.

"Nikingoja sitasema." Alivua kofia. "Ni mimi ninayemwosha Waziri. Niliona malengelenge. Aliponiuliza, nikasema salama."

"Uliona wapi?"

Ndilo lile lile swali la mkewe. Mkwewe alikuwa amekaa karibu mno, mikono mapajani. Mzee Hatamu aliikunja kofia yake mpaka ikawa kitu kisichofanana na kofia.

"Kwenye uume wa farasi," alisema. "Huku mbele, na pembeni. Mengi. Nikajidai ni nzi, na nilijua si nzi."

Neno lilikuwa limetoka, na dari haikuanguka. Feni iliendelea kuzunguka. Daktari alikuwa anatazama sakafu, na Mzee Hatamu akaona masikio yake naye yanawaka.

"Na mimi niseme," daktari alisema. "Kazi yangu ni kuangalia kwa macho yangu, si kuuliza. Sikuwahi kuangalia hata siku moja. Kwa sababu Baba ndiye aliyeshika kamba. Niliona haya kuinama pale mbele yake. Asubuhi umeniuliza mara mbili kama niliangalia, na jibu nilikuwa nalo."

Tajiri aliwatazama kwa zamu, mkwe na baba mkwe, kama mtu anayetazama hesabu isiyokubali.

"Yaani farasi wangu," alisema hatimaye, "wameugua heshima yenu."

Hakuna aliyecheka. Huenda hata yeye mwenyewe hakukusudia mzaha. Alizisukuma funguo kwa kidole hadi upande wa pili wa meza.

"Kaa nazo mpaka apone. Akipona tutaona, siahidi kitu. Na wewe, Mzee, siku atakayopona unahamia kwenye kukata majani. Sitaki tena mkono wako kwenye hatamu zake."

"Sawa," alisema Mzee Hatamu. Alikuwa ametegemea hivyo, lakini kutegemea na kusikia ni vitu viwili.

Walirudi bandani wakiwa wamefuatana, mmoja mbele mwingine nyuma. Jua lilikuwa limeshuka na kuingia kwa ubavu kupitia mlangoni. Waziri alisikia nyayo, akanyoosha shingo juu ya kizuizi na kuanza kunusa mfuko wa mzee, hana habari ya lolote. Mzee alimruhusu anuse mpaka aridhike. Alimpenda farasi huyu kuliko alivyopaswa kumpenda kiumbe asiye wake.

Daktari alivaa glavu mpya. Alifungua tyubu, ambayo sasa ilikuwa imebanwa nusu, akasimama mahali pake pa siku zote, upande wa kichwani, akingoja kuambiwa. Mazoea hayo, hayamtoki mtu kwa siku moja.

Mzee Hatamu alilegeza kamba. Alimzungusha Waziri taratibu, kwato baada ya kwato, hadi ubavu wote ukaelekea mlangoni na hakukuwa tena na giza. Kisha akapita mbele ya kichwa cha farasi akasimama upande huohuo wa mkwewe, akachutama, magoti yakamlia. Akatazama. Baadhi ya vidonda vilikuwa vimeanza kukauka, na chini yake ngozi nyeusi ilikuwa inaacha madoa meupe. Hayo hayatafutika, daktari alishasema.

"Na kwingine, Baba?" daktari aliuliza, kwa ile sauti yake ndogo.

"Chini hapa, nyuma ya uume, kuna lengelenge jingine," alisema Mzee Hatamu. Sauti ilikwaruza lakini haikukatika. "Asubuhi tulilipita. Limepasuka."

"Wapi? Sioni."

"Sogea huku, mama. Huku kuna mwanga."

Daktari akasogea.