Miti Arobaini ya Mji wa Theluji

Wiki nzima Truphena hakulala usingizi wa maana, na wala hakuwa mgonjwa. Alikuwa anakwenda Riyadh. Mtu aliyezoea Jeddah na upepo wake wa bahari atauliza Riyadh kuna nini cha kumnyima mtu usingizi. Kulikuwa na Nekesa. Nekesa ni mdogo wake wa kufuatana, wamenyonya ziwa moja, na alikuwa akifanya kazi ya nyumbani katika mtaa wa Al-Suwaidi hukohuko Riyadh. Miaka minne wote wawili walikuwa Saudia, na miaka minne hawakutiana machoni ila kwenye simu.

Kosa lilikuwa la Truphena mwenyewe, tusimfichie. Ndiye aliyempigia Nekesa kule Chwele kwao akamwambia, "Njoo Saudia, tutakuwa pamoja." Alidhani Saudia ni Saudia, kama mtu wa Bungoma anavyokwenda Webuye asubuhi na mchana akarudi kwake kula. Nekesa akaja. Siku aliyofika alipiga simu kutoka kwa kafili wake, yule tajiri aliyemdhamini, sauti imejaa furaha: "Tru, nimefika! Niko Riyadh, si utoke basi uje unione!" Truphena akaenda kumuuliza dereva wa bosi ni dakika ngapi mpaka Riyadh. Dereva alicheka mpaka akaegemea gari. Saa kumi barabarani, alisema, na hapo hujasimama hata kujaza mafuta.

Tangu siku hiyo lile neno "pamoja" lilimkaa Truphena kooni kama mwiba wa samaki. Ahadi ni deni, kila mtoto wa shule anajua. Nekesa hakuwahi kumlaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Afadhali angetukanwa yakaisha! Sasa mkataba wa Nekesa ulikuwa umekwisha, viza ya kutoka imegongwa, ndege ni Ijumaa, na alishaapa kwamba hatarudi. Truphena alikuwa na miaka miwili mbele yake. Wasipoonana Alhamisi hii, alichomwambia mdogo wake kitabaki kuwa uongo, na aliyesema uongo ni yeye.

Kilichomwokoa ni theluji. Kazi ya Truphena ilikuwa kumtunza Mama Hajja, mamake bosi, bibi wa miaka sabini na minane mwenye ulimi mzima na magoti yaliyogoma. Kila Desemba bosi huwapeleka mkewe na watoto kwenye mji mmoja wa milima ya Alpi huko Austria, na kila wakirudi Mama Hajja huonyeshwa picha: soko la Krismasi, vibanda vya mbao, taa kila tawi, theluji mpaka madirishani. Yeye daktari alishamkataza safari ndefu za ndege. Mwaka huu alipoonyeshwa tena hoteli watakayofikia, alipiga fimbo sakafuni. "Kwa hiyo mimi nife sijashika theluji?" Bosi akaona aibu. Akakumbuka kwamba Riyadh wamejenga Mji wa Theluji, soko zima la Alpi, kwa msimu wa baridi, na Riyadh kwa ndege ni saa moja na nusu tu. Austria ikafutwa. Halas.

Truphena aliposikia kwa Nekesa kwamba watoto wa nyumba yake ya Al-Suwaidi nao wanaulilia mji huo, tena siku hiyohiyo, alirukaruka jikoni peke yake.

"Aki Tru, huyu ni Mungu," Nekesa alimwandikia. "Tukutane wapi?"

"Penye ule mti mkubwa, ule wa kwenye picha ya tangazo lao."

"Sawa. Huo hauwezi kukosa."

Mama Hajja alijua yote, maana mtu unayemwogesha na kumlisha utamficha nini? Alimnong'oneza Truphena, "Mimi nitashika theluji, wewe utamshika dada yako." Madam naye alikuwa na yake. Ndani ya ndege aligeuka kitini akasema, "Truphena, tunakwenda kwa ajili ya mama. Mkono wako usitoke kwenye kiti chake. Mambo ya kutafutana na marafiki, mafi, hakuna."

"Ndiyo, madam," alisema Truphena, macho chini.

Alhamisi saa tisa u nusu walikuwa mlangoni. Loo! Truphena alisahau kufunga mdomo. Mbele yao ulisimama mlima wa plasta uliopakwa rangi nyeupe, mrefu kuliko ghorofa, na mashine zilizofichwa juu ya mapaa zilikuwa zikipuliza theluji ya kweli, ya baridi, ikiwatua watu mabegani. Vibanda vya mbao vilijipanga kila upande, vikinuka biskuti za tangawizi na juisi ya zabibu ya moto yenye mdalasini. Neno Krismasi halikuandikwa popote, si kibaoni si kwenye tiketi, lakini macho hayana pazia. Mzee mwenye ndevu nyeupe na koti la buluu alikuwa akipiga kengele, na kulungu wa taa alivuta gari lililojaa masanduku yenye utepe. Truphena alikuwa na Krismasi sita hajasikia hata kengele moja, na alitaka kucheka na kulia papo hapo. Milima haikutani, binadamu hukutana. Na huu mlima, alijiambia, haujatoka hata Alpi.

Bosi na madam wakaenda na watoto kuteleza kwenye barafu. "Tukutane hapa kwa adhana ya Maghrib," madam alisema, akakitazama kiti, akautazama mkono wa Truphena, akaondoka.

Hapo ndipo Truphena alipogeuka kuutafuta mti mkubwa.

Ulikuwepo. Ulikuwa kushoto. Na mwingine kulia. Na mwingine penye daraja, na miwili penye farasi wa kuzunguka, yote mikubwa, yote inametameta. Alisogea kwenye ramani iliyobandikwa ukutani akahesabu kwa kidole. Miti arobaini!

"Mungu wangu," alisema kwa Kiswahili.

Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Nekesa: "Niko kwa mti. Betri inaisha. Tunatoka Maghrib, usiniangushe." Truphena akapiga. Imezimwa. Akapiga tena, kama vile simu iliyokufa hufufuka ukiisisitiza.

"Mama, wewe kwanza," alisema, ameinama kwenye kiti. "Nikupeleke ushike theluji, ndiyo safari yako."

"Theluji haina ndege kesho," alisema Mama Hajja. "Dada yako kwanza. Yalla!"

Wakaanza. Mti wa kwanza, chini yake walikuwepo yaya kumi na wawili, wote abaya nyeusi, wote wamebeba makoti ya watoto wa watu. Truphena alimshika mmoja bega. Akageuka, kumbe Mhabeshi, akatabasamu, akatikisa kichwa. Mti wa tatu alimkimbilia mwembamba mmoja aliyesimama vilevile kama Nekesa, kumbe Mfilipino. Mti wa sita magurudumu yalikwama kwenye lundo la theluji. Truphena alisukuma mpaka jasho likamtoka kwenye baridi, na Mama Hajja akatumia nafasi hiyo kuchota viganja viwili.

"Inauma!" alipiga kelele, macho yamemtoka kwa raha. "Truphena, inauma kama moto! Sukuma, sukuma, kulia kuna mti mwingine!"

Bibi alikuwa amepamba moto. Alipunga fimbo, watu wakapisha. Mti wa kumi, hakuna. Wa kumi na tano, hakuna. Walipita mlima mzima nyuma, wakawagonga miguu watu watatu, Mama Hajja akiwaomba radhi huku hasimami. Mti wa ishirini na mbili. Saa ilikuwa kumi na dakika hamsini na tano, na anga nyuma ya ule mlima wa uongo ilishaanza kuwa nyekundu. Zilibaki dakika kama kumi na tano, na miti kumi na minane.

Truphena akasimama. Nekesa yuko humuhumu ndani, pengine hatua mia kutoka hapa, anatazama huku na huku, na baada ya Maghrib atapanda gari akijua kwamba hata mara hii dada yake hakuja. Machozi yakamjaa.

"Mbona tumesimama?" aliuliza Mama Hajja.

"Hatutamaliza, Mama. Haiwezekani."

"Basi mwite."

"Nimwiteje? Na kelele zote hizi?"

"Kwenu mgeni akifika mnafanyaje? Mnanyamaza?"

Truphena akamtazama. Akautazama umati. Akasema liwalo na liwe, akajaza hewa kifuani na kupiga kigelegele.

Kilitoka kama kilikuwa kimefungiwa humo miaka minne. Kilipanda juu ya kengele na muziki, na watu wakageuka. Basi kigelegele kwa Waarabu ni ugonjwa wa kuambukiza, sawasawa na kwetu. Mama mmoja kwenye kibanda cha biskuti akakijibu. Wengine watatu wakadakia. Mama Hajja akatupa kichwa nyuma akapiga cha Jeddah, chembamba, kikali, utadhani ana miaka ishirini, na mara soko zima likalipuka. Wanawake wasiojuana walishangilia wasichokijua, mzee wa kengele naye akazidisha kengele. Katika ghasia hiyo hata kama Nekesa angejibu, nani angemsikia? Truphena alijishika kichwa. Ameharibu!

Askari wa zamu akaja mbio. "Harusi ni ya nani? Hapa harusi haziruhusiwi. Bibi harusi yuko wapi?"

"Ni mimi," alisema Mama Hajja.

Askari akamtazama bibi, akaitazama fimbo, na theluji iliyoyeyukia mapajani mwake. Akajitahidi kukaza uso, ukamshinda. Waliokuwa karibu waliangua kicheko, na kicheko kikaenea, vigelegele vikafifia kimoja kimoja mpaka vikaisha.

Ndipo kikaja kimoja kilichochelewa. Kilitokea upande ambao hawakuwa wamefika, kirefu, kisichovuta pumzi, kinachokatwa ghafla mwishoni, kama wanavyopiga akina mama wa Chwele mgeni akiingia uani. Truphena alikijua kabla hakijaisha.

"Nekesa! Huku! Nekesa!"

Umati ukapasuka, akatokea mtu anakimbia, abaya imekusanywa mkono mmoja, mtoto wa miaka mitatu amefungwa mgongoni kwa shali na anacheka kwa kila mruko. Hakupunguza mwendo. Alimvamia dada yake wakayumba wote watatu, na kiti kikayumba nao, maana mkono wa kushoto wa Truphena ulikuwa bado umekishika. Kwa mkono wa kulia alimkumbatia, akamvuta, akamnusa shingo. Alikuwa amekonda. Alikuwa ananuka sabuni ya kigeni, na chini ya sabuni, Nekesa.

"Nimesimama kwa mti mpaka miguu ikaganda!" Nekesa alisema, analia na kucheka. "Mti gani huo, Tru? Iko mingi!"

"Arobaini. Nimehesabu."

"Woi!"

Madam alikuwa amefika, ameletwa na vigelegele kama kila mtu. Aliwatazama hao wawili. Akautazama ule mkono kwenye kiti. Mama Hajja alimkazia macho, na madam akageukia kibanda cha karibu akaanza kuuliza bei za biskuti ambazo hakuzitaka.

Adhana ikaanza. Ng'ambo ya daraja mwanamke wa Al-Suwaidi, madam wa Nekesa, alikuwa anamwita kwa mkono. Truphena alijua dakika zimekwisha, na lile neno la kooni likamtoka lote kwa mkupuo.

"Nisamehe. Nilikwambia tutakuwa pamoja, nikakuleta huku ukakaa peke yako miaka minne. Nilikudanganya, mdogo wangu. Sikujua, lakini nilikudanganya."

Nekesa alimpandisha mtoto vizuri mgongoni. Akamfuta dada yake machozi kwa ncha ya shali, kisha akamshika mashavu kwa mikono miwili ya baridi.

"Hii si Saudia?" aliuliza.

"Ni Saudia."

"Na mimi na wewe hatuko pamoja?"

"Tuko," alisema Truphena.

"Basi hukunidanganya," alisema Nekesa. "Ulisema tutakuwa pamoja. Hukusema ni kwa muda gani."

Akambusu kwenye paji la uso, akamwamkia Mama Hajja, akaondoka mbio kuelekea darajani, na mtoto mgongoni akageuka akawapungia mkono mpaka wakapotea.