Siku Iolo Alipomgawa Mbwa Wake

Heulwen Pritchard alikuwa hoi bin taabani, wala hakuona haya kulisema. Miaka sitini na moja, goti la kushoto bovu, kondoo mia tatu wanakaribia kuzaa, na juu ya yote hayo kulikuwa na simu. Mwaka wa sita sasa, kila Jumatano mchana alikaa jikoni kwake akiwapigia watu wanane waliotawanyika kwenye vilima hivi vya katikati ya Wales: wanaume wanaopenda wanaume, wanawake wanaopenda wanawake kama yeye na Nest wake, na dereva mmoja wa lori la maziwa ambaye nusu ya kijiji walikataa katakata kumwita kwa jina lake la kike. Daktari wa akili aliye karibu yuko mwendo wa saa mbili, na foleni yake ni ya miezi. Basi walisaidiana wenyewe kwa wenyewe. Heulwen alifundishwa siku nne tu: mtu ukimwona hayuko sawa, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, usizungukezunguke.

Miaka sita ya kubeba vilio vya watu si mchezo, jamani. Kuna siku alikuwa anaitazama ile simu kama deni.

Alhamisi asubuhi, Machi, mvua ile ya kuudhi isiyoamua kunyesha wala kuacha, pikapu ya Iolo Bebb ikaingia uani. Iolo alikuwa jirani wa ng'ambo ya kijito, mwanamume wa miaka arobaini na minne, na alikuwa mmoja wa wale wanane. Jana yake tu walikuwa wamezungumza kwenye simu dakika tano kuhusu mvua, akasema yeye mzima.

Mzima gani! Vuli iliyopita alifiwa na Gethin, waliyeishi naye nyumba moja miaka kumi na moja, na ambaye kijiji kizima kilimwita "kibarua wa Iolo" kwa sababu ndivyo ilivyowafaa. Siku ya mazishi Iolo alikaa benchi la nyuma kanisani pamoja na majirani. Mikate ya zabibu na vyungu vya supu vilipelekwa kwa kaka yake Gethin, aliyekuwa hajamtembelea marehemu tangu siku nyingi. Iolo hakuambiwa pole na mtu, isipokuwa Heulwen na Nest, tena kwa kunong'ona nyuma ya gari.

"Dada, upo?" Iolo aliita.

"Nipo, ila nusu. Umepotea njia?"

"Nimekuletea mgeni."

Mgeni mwenyewe alikuwa Mot, mbwa wake wa kuchungia kondoo, mweusi mwenye kifua cheupe. Mwaka jana alishika nafasi ya pili mashindano ya wilaya, na watu walitoka mbali kuja kumbembeleza Iolo awauzie.

"Ni wako," Iolo alisema. "Tangu mbwa wako Cap afe unakimbiza kondoo kwa miguu yako miwili. Nakuona kutoka kwangu. Aibu tupu!"

"Acha utani wewe."

"Chukua, dada, kabla sijabadili mawazo."

Akamkabidhi filimbi na karatasi. Miito yote ya Mot ilikuwa humo kwa mwandiko wa kupinda: huu wa kwenda kulia, huu wa kulala chini, na kwamba bakuli lisiwekwe karibu na mlango maana hatakula. Huku kwetu mtu akikupa mbwa huulizi kwa nini. Unashukuru, unaufunga mdomo, na mwenye mbwa anaondoka bila kumpapasa ili mnyama asimfuate. Ndivyo tulivyolelewa. Heulwen naye alishukuru mpaka machozi yakamlengalenga, maana alishaanza kujiuliza usiku na mchana atazalishaje kondoo mwaka huu na goti lile.

Iolo hakuondoka mara moja. Alisimama mlangoni akizungusha kofia mikononi.

"Unalala kweli wewe?" akamuuliza.

"Kulala? Nilisikia habari zake zamani. Ukitaka chai jipikie, mwenzio sina hata nguvu ya kunyanyua birika."

Iolo akacheka kidogo. "Haya, dada. Pumzika."

Saa sita Nest akarudi kutoka dukani na vikapu vyake. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na wameishi na Heulwen miaka ishirini na saba. Alimkuta Mot chini ya meza.

"Huyu si Mot?"

"Ni wetu sasa. Iolo kanipa."

"Kakupa? Kondoo wake wanazaa lini?"

"Wiki ijayo, kama sisi."

"Sasa atawachunga na nini? Na kofia?" Nest alicheka mwenyewe. Halafu akaviweka vikapu chini. "Heulwen. Mtu na akili zake hamgawi mbwa kabla ya kondoo kuzaa."

Heulwen moyo ukamlipuka paa. Lo! Miaka sita ya kuuliza watu maswali magumu, na leo kafumbwa macho na mbwa! Kama Iolo angekuja analia, angemkalisha. Kama angekuja na chupa mkononi, angemuuliza. Alikuja na zawadi, naye akaipokea kama mtoto. Akapiga simu ya Iolo, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Akamwambia Nest, "Mtafute daktari, usiache kupiga mpaka wapokee," akatoka na gambuti zake, Mot mbele.

Ng'ambo ya kijito, mlango wa Iolo ulikuwa wazi. Heulwen aliingia bila kubisha, na alichokiona kilimwogopesha zaidi: usafi. Sakafu imepigwa deki, vyombo vimekaushwa, barua zimepangwa mezani. Iolo alikuwa ameketi kwenye kiti, kofia magotini, mzima. Mot akamrukia kifuani akilialia.

"Mrudishe kwako, dada," Iolo akasema bila kumwangalia. "Atanizoea tena."

Heulwen alitaka kumkumbatia, alitaka kumzaba kibao, alitaka kukaa chini alie. Hakufanya hata moja.

"Iolo, unafikiria kujiua?"

Mvua ilisikika juu ya bati la zizi. Iolo akamshika Mot masikio yote mawili.

"Ndiyo."

"Leo?"

"Leo."

"Nipe ufunguo wa kabati la bunduki."

Huku kila mfugaji ana bunduki ya kufukuzia mbweha. Iolo alisitasita, kisha akautoa mfukoni. Ulikuwa na joto la mwili wake. Heulwen akautumbukiza ndani ya buti lake, kwa sababu hakuuamini mfuko wa koti.

"Nest anamtafuta daktari, na mimi siondoki hapa," akasema. "Kwa nini hukuniambia asubuhi? Ulikuwa kwangu! Ulisimama mlangoni kwangu!"

"Nilikuja kukuambia." Sasa ndipo alipomtazama. "Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Nikakuona uso ulivyo, dada. Nikasema, huyu nikimtwika na hili langu ataanguka. Mbwa nilikuwa nakuja naye kwa ajili ya baadaye tu, apate wa kumtunza kama nisingekuwepo. Basi nikakupa mbwa, nikaondoka."

Heulwen alitamani ardhi ipasuke immeze. Uchovu wake aliudhani ni mali yake mwenyewe, haumdhuru mtu. Angeweza kujikaza kisabuni na kudai hajachoka hata kidogo, lakini uongo huo usingemdanganya hata Mot. Akavuta kiti, akakaa mbele ya Iolo, magoti yakagusana.

"Nimechoka, ndiyo," akasema. "Nimechoka mpaka kwenye mifupa, na kesho nitaamka hivihivi. Ukisubiri nipate nguvu, utasubiri mpaka lini? Niambie mimi huyuhuyu niliyechoka."

Iolo akaanza na upande wa kitanda aliokuwa akilalia Gethin, na jinsi alivyoshindwa kubadili shuka zake tangu vuli. Simu ya Heulwen ikalia. Nest alisema daktari yuko njiani, atafika saa kumi. Iolo akaendelea kusema. Heulwen alisinzia mara mbili katikati ya maneno, na mara zote mbili Iolo alimgusa mkono, akamngoja afumbue macho, akaendelea pale alipoachia.