Saa Njema ya Nagalingam

Mashada mawili ya asumini na waridi yalikuwa kikapuni tangu alfajiri, yamefunikwa kwa jani bichi la mgomba. Ponnuthayi, muuza maua, hakuyapeleka. Alikaa mkahawani, ng'ambo ya ukumbi wa harusi, akaagiza kahawa ya pili, jicho kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu Rahu, yule pepo mmeza jua, huingia saa moja na nusu asubuhi, hatoki mpaka saa tatu. Katika muda huo mtu haanzi hata safari, sembuse ndoa.

Bibi harusi alikuwa binti wa Nagalingam, mpiga falaki wa mji mzima, aliyempangia saa njema ya kabla ya Rahu kuingia. Bila mashada maharusi hawavishani, na wasipovishana, mkufu wa ndoa haufungwi.

Miaka minne Ponnuthayi aliingoja asubuhi hii. Siku ya harusi ya mwanawe Chellakili, basi lao lilipata pancha, wakafika robo saa baada ya saa njema kupita. Nagalingam akafunga kitabu chake. "Imepita. Hakuna nyingine mpaka mwaka uishe." Bwana harusi akaondoka na watu wake, msichana akabaki na jina la mkosi. Tangu hapo hakuna bibi harusi aliyekubali ua lililopita mikononi mwake. Ponnuthayi alimchukia mzee yule kila siku ya Mungu, wala hakuona haya.

Saa moja na dakika thelathini na tano akavuka barabara.

Ukumbini ilikuwa vurugu tupu. Mjomba wa bwana harusi alikwisha kuvaa viatu.

"Rahu keshaingia! Sisi twende zetu!"

"Ngoja, ndugu yangu, ngoja!" Nagalingam alilowesha kidole, akapekua kitabu, jasho likimtiririka. "Saa tatu na robo ipo nyingine. Njema kabisa, haina doa!"

"Kumbe huwa ipo?" Ponnuthayi akauliza kutoka mlangoni.

Mzee akageuka. "We mama! Mashada yangu yako wapi? Unataka kuniua?"

"Ninayo. Kwanza niambie, bwana falaki. Siku ile ya Chellakili wangu, nyingine haikuwepo?"

 Mjomba akasimama na viatu vyake miguuni, akimtazama mzee.

"Ilikuwepo," Nagalingam akanong'ona.

"Wa viti vya nyuma hawajasikia."

"Ilikuwepo! Saa tano. Nilikuwa na harusi nyingine ya kuwahi, gari lilikuwa linaningoja nje."

Ponnuthayi alidhani angecheka. Badala yake hasira ndiyo kwanza ikampanda. Gari! Akalifunua jani.

"Haya, mashada yako. Yote mawili kayasuka Chellakili, yule wa mkosi. Mvishe mwanao, au msubiri mpaka mwaka uishe."

Nagalingam akayapokea kwa mikono miwili. Ponnuthayi akavuta kiti cha mstari wa mbele, akakaa kungoja saa tatu na robo.