Besi ya Wardell

Mkono wa kushoto wa Cleophus Gaines ulikufa kabla albamu yake haijatoka.

Kwa mpiga kinanda wa Newark, mkono wa kushoto ndio besi, ile sauti nzito ya chini inayobeba wimbo. Bendi zetu za jazi zina kinanda cha umeme, gitaa, saksafoni na ngoma, basi. Mkono wa kulia unaimba, wa kushoto unatembea huko chini, mguu unasaidia. Mpiga kinanda akipanda jukwaani na mtu wa besi, watu wa baa humuuliza kama ni mgonjwa.

Tulirekodi Februari kwenye baa ya Lucille, watu wakiwa wamejaa. Wiki iliyofuata kiharusi kilimwangusha Cleophus bafuni. Mkewe, Earline, aliwaambia wenye baa kwamba mumewe ana mafua mabaya, kwa sababu walikuwa wameshatuahidi kazi ya vuli, Pittsburgh na Atlantic City. Cleophus alishinda akiminya mpira mdogo kwa mkono ule, akisema Oktoba atakuwa sawa. Nasi tukaitikia.

Juni kampuni ya kurekodi ikaleta sahani ya santuri ya majaribio. Walitaka Cleophus atoe ruhusa na ataje majina ya wapigaji ya kuandika kwenye jalada. Jumapili baada ya kanisa tukakusanyika kwake: Earline, Wardell Simms wa gitaa, na mimi wa ngoma. Otha wa saksafoni alikuwa Detroit kumzika shangazi yake.

"Umenenepa, Wardell," Cleophus alisema. Mdomo wake ulikuwa bado unavuta upande.

"Ni kuku wa shemeji, kaka."

"Basi achana na kuku wangu, weka sahani."

Upande wa kwanza ulikuwa mzuri. Saksafoni ya Otha ilikwaruza, na watu wa Lucille walisikika wakimpigia kelele, "Mwambie! Mwambie!" Cleophus alifumba macho. Mkono wa kulia ulicheza juu ya kitambaa cha meza. Wa kushoto ulilala kando ya sahani ya chakula.

Upande wa pili una wimbo mmoja mrefu wa bluzi, wa polepole. Mwanzoni besi ni nzito, unaisikia kwenye meno. Otha anamaliza zamu yake, watu wanashangilia, halafu besi inakuwa nyembamba, kavu, ya kucha kwenye waya.

Cleophus akafumbua macho. "Rudisha."

Earline akainua sindano, akarudisha. Tukasikiliza tena.

"Hiyo si besi yangu."

Wardell akaendelea kutafuna.

"Wardell. Nani alikuruhusu kushuka huko kwangu?"

Wardell akaweka uma chini. "Hapakuwa na mtu huko, kaka. Nilikuita, ukawa unacheka na watu. Nikashuka na gitaa langu."

"Nilikuwa napiga!"

"Mkono wako wa kushoto ulikuwa unapiga ubao, si vibonye."

Cleophus akanigeukia. "Tate, wewe ulisikia?"

"Nilisikia. Besi ilitoka nyuma yangu ikahamia kulia, kwa Wardell."

"Ukanyamaza."

"Wimbo ulikuwa unaendelea, bwana. Ulitaka nisimame nihutubie?"

Alikaribia kucheka, akaacha. Earline akamshika bega.

"Cleo, waandike kinanda, gitaa, saksafoni, ngoma, kama siku zote. Nani atajua?"

"Kila mpiga kinanda kutoka hapa mpaka Chicago."

"Hao si wenye baa."

"Ndio niliokuwa nawapigia."

"Mimi sitaki jina," Wardell alisema. "Nilikushikia nafasi tu."

"Nyamaza, nasikiliza."

Akasikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amechoka, na jasho lilimtoka kwa kukaa tu. Sindano ikabaki inakwaruza katikati ya sahani, hakuna aliyeinuka kuizima.

"Unakimbia," alimwambia Wardell. "Kila ukifika kwenye kona unakimbia kama umeiba taulo hotelini."

"Niliogopa ungenisikia."

"Sikukusikia. Nilidhani ni mimi." Akamgeukia mkewe. "Earline, kesho wapigie. Waambie waandike: besi, Wardell Simms."

"Unajua wenye baa watalisomaje hilo?"

"Watasema ni mgonjwa. Kwani si mgonjwa?"

"Na Pittsburgh?"

"Earline. Nimeuminya mpira huu tangu Machi, na hata vidole vyenyewe sivihisi."

Akautoa mfukoni, akauweka mezani. Ukabingirika kuelekea ukingoni. Earline akauzuia kwa kiganja na kuushikilia hapo, muda mrefu, bila kumtazama. Kisha akaenda kuizima gramafoni.

Albamu ilitoka Septemba. Jina la Wardell liko nyuma ya jalada, kwa herufi ndogo, na watu wetu walilisoma kwanza kuliko yote. Pittsburgh walifuta wiki zetu mbili. Atlantic City walifuta wikendi nne. Lucille alituambia pole, akamweka mpiga kinanda kijana wa Philadelphia. Otha hakurudi kutoka Detroit. Wardell yuko kwenye bendi ya waimbaji huko New York, anapiga besi. Kinanda kilishushwa ngazi na wanaume wanne, nami nikiwa mmoja wao, kikaenda kanisani kwa Earline. Ngoma zangu ziko chini ya kitanda. Naendesha lori la mkate.