Namba ya Mwanahamisi

Namba iliita. Simu haikulia.

Mike, muuza unité za kupigia simu, aliishika simu yake mbali kidogo na sikio ili wote wasikie. Mlio ulikuwa unakwenda vizuri. Lakini ile simu ndogo ya vibonye, mapajani mwa Mwanahamisi, ilikaa kimya.

"Piga tena, ndugu Mike. Umekosea," Mwanahamisi akasema.

"Mama Safia, namba yako umeiandika kwa mulango na rangi nyekundu. Mutu gani wa mtaa huu haijui? Sikukosea. Iko inaita."

"Inaita wapi? Simu njo hii!"

Vidole vya Mwanahamisi vilikuwa vimesahau nywele za Nathalie, mwalimu aliyeketi chini mbele yake, nusu ya kichwa ikiwa imesukwa mistari, nusu imesimama wima.

Wakati wa vita, mji ulipozingirwa, kaka yake Soudi alikimbilia msituni, upande wa Obokote, na hakurudi. Amani ilipokuja, na simu nyuma yake, Mwanahamisi alinunua namba hii kwa vichwa alivyosuka mwezi mzima. Akaiandika kwenye vipande vya karatasi, mwaka hata mwaka, akiwapa wasukuma baiskeli wanaoelekea Obokote: mkimwona Soudi, mwambieni dada yake yu hai. Yeye mwenyewe hakupiga simu kwa namba hiyo hata mara moja. Alichelea Soudi asije akapiga akakuta laini ina maneno ya watu. Kwa shida nyingine aliazima simu ya jirani.

"Njo hapo uliharibu," Mike akasema taratibu. "Toka mwaka huu, namba isiyopiga miezi tatu haiingizii kampuni kitu. Wanaifunga, wanamuuzia mutu mwingine."

"Bila kuniambia?"

"Walituma mesaji. Kwa Kifaransa."

Nathalie akageuka na nywele zake nusu. "Na redio asubuhi inasema wamepata faida kupita miaka yote! Kwa namba ya huyu mama walikuwa wanatafuta nini tena?"

"Mwalimu, usitukane faida. Faida njo ilisimamisha mnara wa Obokote mwezi uliopita. Bila faida, watu wa kule wangekuwa bado wanatuma barua kwa baiskeli."

Mwanahamisi alisikia jambo moja tu. "Obokote iko na mnara?"

"Allô? Nani?" Sauti ya mwanamke ilitoka mkononi mwa Mike, aliyekuwa amepiga tena. Mwanahamisi akaipokonya simu.

"Mimi Mwanahamisi, wa Kindu. Hiyo namba ilikuwa..."

"Aah! Kumbe Mwanahamisi iko kweli!" Mwanamke akacheka. Alisema anaitwa Falone, yuko Kalima, namba ameinunua sokoni. "Mama, bwana yako wa Obokote alinichosha! Kila siku 'nipe Mwanahamisi'. Nikimwambia si mimi, anasema namba iko kwa karatasi. Hata mume wangu akaanza kuniuliza, huyu mwanaume ni nani?"

"Ukamwambia nini?"

Kicheko kikakatika.

"Dada, unisamehe. Juzi Alhamisi nilimwambia Mwanahamisi alikufa. Ili aniache tu."

Kitana kikamponyoka Mwanahamisi, kikaanguka mchangani. Nathalie ndiye aliyeichukua simu, akaandika kiganjani namba ya yule mtu wa Obokote, aliyosomewa na Falone, tarakimu moja moja. Ndiye aliyeipiga, kisha akaiweka simu sikioni mwa Mwanahamisi kama mtu anayemlisha mgonjwa.

Ikaita mara mbili.

"Sema." Sauti ya kijana, ya chinichini.

"Namtafuta Soudi."

"Mama, ungoje kidogo. Mwenye simu yuko na watu. Leo njo siku ya tatu, tunamsomea dada yake hitima."

Nyuma ya sauti hiyo akawasikia: wanaume wengi wakisoma pamoja, wakipanda na kushuka. Sufuria kubwa ikiburutwa. Mtoto wa kike akiuliza kama wali umeiva. Na miongoni mwa wasomaji, mmoja aliyekuwa akichelewa, akivuta mwisho wa kila aya wenzake walipokwisha kunyamaza, kosa lilelile ambalo Soudi alikuwa akikaripiwa na mwalimu wa chuo cha Kurani, zamani, hapa hapa Kindu.

"Mama? Nimwambie nani anamuita?"

Mwanahamisi alisimama, mkono mmoja juu ya kichwa cha Nathalie, upande ambao haujasukwa, akisikiliza.