Kamba ya Mama Majani

Fundi, mshonaji wa nguo, alikuwa ameshapaka chokaa kuta tatu za chumba cha mama mkwe wake ndipo alipogeuka, akatazama lundo la majani makavu juu ya shuka, na moyo ukamlipuka.

Mafungu yote yalifanana. Rangi moja ya vumbi, kamba zilezile, yamejikunja kama nguo zisizoonja pasi. Asubuhi yalikuwa yananing'inia kwenye kamba iliyotoka mlangoni hadi dirishani, naye, kwa nia njema kabisa, akayashusha yasirukiwe na chokaa. Mkwe wake alikuwa anatolewa mtoto wa jicho hospitali. Fundi alitaka akirudi akute ukuta mweupe.

Hakuna fungu lililoandikwa jina. Mama Majani, kama wateja wake wa mtaa mzima walivyomwita, alijua kila kitu kwa mahali pake: ya mlangoni huliwa, ya katikati huchemshwa yakanywewa, ya dirishani hayagusi mdomo, ni ya kuweka kwenye maharage yasibunguliwe na ya kufukiza mbu.

"Nakuachia chumba, mwanangu," alimwambia siku ya kuondoka. Tangu aolewe, Fundi hakuwahi kuachiwa hata ufunguo.

Akanusa fungu moja. Chokaa. Akanusa jingine. Chokaa tupu. Mchaichai aliutambua kwa urefu wake, na mlonge kwa vijani vyake vidogo, akashusha pumzi. Kisha akakuta mafungu mengine mawili ya vijani vidogo, pumzi ikapanda tena. Kunde ndiyo ipi hapa? Mnavu? Alivunja jani alitazame vizuri, likamgeukia unga mkononi.

Mumewe, mwoka mikate, akachungulia mlangoni, nyusi zimejaa ngano.

"Mke wangu, umefungua kiwanda cha chai?"

"Usinichekeshe. Hili ni la kula au la wadudu?"

Kabla hajamzuia, mume akavuta fungu, kamba ikakatika, akatupia jani mdomoni. Uso ukamkunjamana.

"Chungu!"

"Uchungu wa mboga au wa dawa?"

"Uchungu wa uchungu! Mimi naoka mikate bwana."

"Tema! Mama yako hakukufundisha chochote?"

"Alinifundisha kula." Akatema, akamtazama mkewe akilifunga fungu lile kwa uzi mwekundu wa cherehani, akaenda zake kumpokea mama yake.

Fundi akayapandisha yote kwa kubahatisha. Alipomaliza, kamba ilipendeza kabisa, na hilo ndilo lililomtisha.

Mama Majani aliingia ameshikwa mkono na mwanawe, jicho moja limefungwa bandeji, la pili bado lina ukungu.

"Chakula cha hospitali kimeniharibu mdomo," alisema. "Leo nataka kunde zangu."

Akanyoosha mkono kwenye fungu la kwanza mlangoni bila kulitazama, kama siku zote. Akavunja jani, akalisogeza puani. Akapapasa fungu la pili, akarudi la kwanza. Kisha akashika mwimo wa mlango, kama mtu anayehakikisha hajaingia nyumba ya watu.

"Mlango ni huu?"

"Ndiyo, mama," alisema mwanawe.

"Na dirisha liko kule?"

"Kule kule."

Akaketi kitandani taratibu. "Basi ni mimi," alisema. "Mama yangu naye alianza hivi. Alianza kuchanganya majani, akamaliza kwa kuchanganya watoto. Yashusheni, myachome. Nisije nikamlisha mtu sumu."

Mwoka mikate akamtazama mkewe. Fundi akatazama sakafu. Angenyamaza tu, na hakuna ambaye angejua. Lakini bibi kizee yule alikuwa anaifuta mikono yake kwenye kanga, anaifuta na kuifuta, kama anayekabidhi kazi.

"Mama, si wewe. Ni mimi. Niliyashusha nipake chokaa, nikayarudisha ovyo."

"Yote?"

"Yote."

Mama Majani akaupapasa ukuta, akakinusa kiganja chake cheupe. Akaanza kucheka hadi akashikilia bandeji.

"Kumbe ndiyo maana pua imeziba! Mtoto wewe, nilishajizika hapa! Haya, lete maji ya moto na vikombe."

Wakaloweka jani mojamoja. Ndani ya maji majani yalikunjuka, yakarudisha sura na harufu. Fundi akaeleza umbo, mkwe akanusa mvuke. Kunde ikarudi mlangoni. Mwarobaini dirishani. Yaliyowatia shaka yakaenda shimo la taka.

Likabaki fungu la uzi mwekundu. Mama Majani akalinusa, akalinusa tena.

"Hili hukaa jirani na dirisha. Mama yangu aliliweka hapo, nami nikaliweka hapo."

"La kazi gani, mama?"

"Hakuniambia." Akafikiri kidogo. "Wala sikuuliza. Wateja hawajawahi kuliomba."

Mwoka mikate akakohoa. "Lenye uzi mwekundu?"

"Ndiyo. Kwani vipi?"

"Ndilo nililotafuna."

Wanawake wawili wakamgeukia, mmoja kwa macho mawili, mwingine kwa lile la ukungu.

"Vuta kigoda, mwanangu," alisema Mama Majani. "Kaa hapa tukuone."