Mtoto Aliyegeuzwa kwa Mikono

Mtaani walimwita Chiriku, na jina lilimkaa sawasawa. Alikuwa msusi. Mteja akikaa kwenye kiti chake alisukwa nywele na kupashwa habari kwa mpigo mmoja, hata wengine walisema nywele ni kisingizio tu. Lakini daktari alipompitishia kipimo cha picha tumboni na kusema, "Mwanao kakaa kitako. Kichwa kiko juu, makalio yametangulia," Chiriku alinyamaza kama maji mtungini.

Mama mkwe wake, aliyemsindikiza kliniki kwa kuwa mume alibanwa na kazi ya kutengeneza majokofu, hakunyamaza.

"Basi mpasue, mwanangu," alimwambia daktari, mkoba kaubana kifuani. "Leo leo kama inawezekana."

"Bado wiki kadhaa, mama. Hakuna cha kukimbilia." Daktari alivuta kigoda, akakaa mpaka macho yake yakawa sawa na ya Chiriku. "Njia ziko tatu. Nitakueleza zote, kisha wewe ndiye utakayeniambia."

Akaeleza bila haraka. Upasuaji wa kupangwa wanaufanya kila wiki, lakini ni jeraha la kuuguza, na kovu lake huangaliwa mimba zote zijazo. Kuzaa mtoto akitanguliza makalio kunawezekana kwa baadhi ya wanawake, wakiwa na wakunga waliozoea kazi hiyo. Hatari yake ni kichwa kuchelewa kutoka. Na ya tatu, kumgeuza mtoto kwa mikono, kutoka nje ya tumbo.

"Kumgeuza?" Sauti ya Chiriku ilirudi. "Kama godoro?"

"Polepole kuliko godoro."

Wote wakacheka, ingawa mama mkwe alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Chiriku akajiinua kwa viwiko. Kuuliza si ujinga, na yeye kwa kuuliza hakuwa na mpinzani.

"Na mtoto anakubali?"

"Karibu nusu hukubali. Wengine wanagoma kabisa."

"Mambo yakienda kombo?"

Daktari hakukwepesha macho. "Mara chache sana moyo wa mtoto hupiga polepole na usirudi. Ndiyo maana tunafanyia jirani na chumba cha upasuaji. Likitokea hilo, tunamtoa hapo hapo."

"Inauma?"

"Inauma. Kuna wanaovumilia, kuna wasioweza. Ukisema acha, naacha, na sikuulizi sababu."

"Angekuwa mkeo ungemshauri nini?"

"Mke wangu angeniambia nifunge mdomo aamue mwenyewe," daktari akasema. "Nendeni nyumbani mkazungumze."

Jioni ile walikaa sebuleni watatu, mume naye akiwapo, wakikunja nguo za mtoto. Mama mkwe alikunja kishati kimoja, akakikunjua, akakikunja tena.

"Kabla yako," alimwambia mwanawe, "kulikuwa na mwenzako."

Mume aliacha kukunja. Alikuwa amekua akijijua ndiye kifungua mimba.

"Alitanguliza miguu. Watu walinizunguka, wanasemezana juu ya kichwa changu kama vile mimi meza. Nauliza kuna nini, naambiwa sukuma. Nauliza tena, naambiwa usitusumbue. Akatoka kimya. Wakamfunika, wakaondoka naye. Hakuna aliyerudi kunieleza neno." Akakiweka kile kishati juu ya vingine. "Ndiyo maana nilisema upasuliwe. Sina sababu nyingine."

Mume alisogea kando ya mamake, akamwegemea begani, mtu mzima na ndevu zake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Chiriku hakuwa na la kumfundisha mama yule. Alimshika mkono.

"Mama, wewe ulinyimwa neno. Mimi nimepewa. Nataka nijaribu kugeuziwa mtoto mara moja. Mtoto akigoma, nipasuliwe, sitabisha. Na nataka uwe pale pale, uulize lolote."

"Hata la kijinga?"

"La kijinga ndiyo ulitangulize."

Siku ilipofika, chumba cha hospitali kilijaa mlio wa moyo wa mtoto. Mkanda uliofungwa tumboni uliutoa kwenye mashine, mbio mbio, kama mtu anayekimbia na kandambili barabarani. Mkunga, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, alichoma sindano.

"Hiyo ya nini?" mama mkwe akauliza.

"Ya kulegeza tumbo la uzazi, mama, mtoto apate nafasi. Mkwe wako moyo utamwenda mbio kidogo, asishtuke."

"Na mlango ule?"

"Wa chumba cha upasuaji. Wenzetu wako tayari. Tunaomba wakae bure."

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayeonja kitu kigeni na kukikuta kitamu.

Daktari alisugua viganja vikapata joto. Mkono mmoja ukashika makalio ya mtoto chini kabisa, mwingine ukazunguka kichwa chake juu, akaanza kusukuma. Maumivu yalimpanda Chiriku mpaka kooni.

"Acha."

Mikono iliondoka papo hapo. Hakuna aliyeguna, hakuna aliyembembeleza. Mkunga alisikiliza moyo, akamwambia mtoto hajambo. Chiriku alilala pale akishangaa kwamba neno lake moja, tena lililosemwa kwa sauti ya kuchoka, lilikuwa na nguvu kiasi hicho. Akavuta pumzi. Akavuta nyingine.

"Endelea."

Safari hii tumbo lilianza kubadilika. Likapanuka ubavuni, likawa kitu asichokijua, na chini ya ngozi kikapita kitu kama kiwiko, au goti, kikisafiri bila haraka. Kwenye kioo cha kipimo cha picha mkunga aliwaonyesha uti wa mgongo wa mtoto, kijishanga baada ya kijishanga, ukizunguka kama mwezi unavyozunguka. Moyo wa mtoto ukapunguza mwendo. Mikono ya daktari ikasimama. Ukasita, ukasita, kisha kandambili zikashika tena barabara.

Halafu mtoto akateleza, mwenyewe, kama aliyekumbuka njia.

"Kichwa chini," daktari akasema, na alisema kwa kunong'ona.

Mama mkwe alisogea kitandani. Hakumuuliza daktari. Alimuuliza Chiriku. "Naweza kumgusa?"

Mkunga akauongoza mkono wake mpaka juu ya nyonga, pale palipokuwa na kitu kigumu, cha mviringo. Mama mkwe alisimama hivyo muda mrefu, machozi yakimtiririka bila sauti. Hakuna aliyemhimiza. Kisha akamtajia mkunga mtoto wake wa kwanza, aliyetoka kimya, na mkunga akamvutia kiti, akakaa naye, akaanza kumweleza taratibu nini huwapata watoto wanaotanguliza miguu, na kwamba halikuwa kosa lake.

Uchungu ulikuja wenyewe, mimba ikiwa imetimia. Ulikuwa mrefu, na kila hatua mkunga aliuliza kabla ya kugusa. Adhuhuri mtoto wa kike alitoka, kichwa kwanza, akilia kwa hasira.

Walipomweka kifuani kwa mamake alinyamaza. Alifumbua macho, meusi na yenye maji, akamtazama Chiriku kwa utulivu wa mtu aliyefika kutoka mbali. Chiriku alitafuta neno la kumwambia. Alilitafuta sana, asilione.